Pikipiki milimani: Mshindi si mwenye mbio, ni anayejua alipo

Na Mwandishi Wetu, Hallonbergen, Stockholm

UKITAJA mashindano ya pikipiki mbele ya watu wengi, picha inayowajia ni ya vijana waliolalia matangi ya mafuta, injini zinanguruma na watazamaji wanashangilia kandokando ya lami. Wanaowaza hivyo hawakosei, ila wanaijua nusu tu ya mchezo huo.

Kuna mashindano mengine ambayo hayana lami, hayana majukwaa ya watazamaji, na mara nyingine hayana hata njia. Mshindani anapewa ramani au karatasi ya maelekezo, anaambiwa kuna vituo kadhaa huko milimani na msituni, kisha saa inaanza kuhesabu. Kuvitafuta vituo hivyo na kurudi salama ni kazi yake mwenyewe.

Katika mchezo huo mwenye pikipiki kali asiyejua kusoma ardhi hufika wa mwisho, au hafiki kabisa. Mwenye pikipiki ya kawaida anayejua alipo na anakokwenda humpita huku akiendesha taratibu.

Ndugu msomaji, mchezo huu unatuhusu zaidi kuliko tunavyofikiri, sisi tulioko huku ughaibuni na nyinyi mlioko nyumbani. Hapa Uswidi kuna elimu ya ramani. Nyumbani kuna milima, matope na maelfu ya vijana wanaoishi juu ya pikipiki. Mpaka leo vitu hivyo viwili havijakutanishwa ipasavyo.

Milima isiyo milima

Hallonbergen ni kitongoji cha manispaa ya Sundbyberg, kaskazini-magharibi ya katikati ya jiji la Stockholm. Sundbyberg ndiyo manispaa ndogo kuliko zote Uswidi kwa eneo, kilomita za mraba zisizofika hata kumi. Treni ya chini ya ardhi ilifika hapa mwaka 1975, na ukiipanda asubuhi hutasikia Kiswidi peke yake. Utasikia Kisomali, Kiarabu na, mara mojamoja, Kiswahili.

Jina lenyewe maana yake ni milima ya hallon, yaani yale matunda madogo mekundu ya porini. Kwa mtu aliyezaliwa chini ya Kilimanjaro au Rungwe, kuviita vilima hivi milima ni kama mzaha. Hata Kebnekaise, kilele kirefu kuliko vyote katika Uswidi nzima, kina mita 2,100 hivi tu. Huo ndio mwinuko wa mji wa Eldoret, ambako watu wanauza mahindi na watoto wanakwenda shule bila kujiona wapanda milima.

Lakini ni watu wa nchi hii ya vilima waliouonyesha ulimwengu kwamba kutafuta njia msituni kunaweza kuwa mchezo wenye sheria, saa na mshindi.

Mwaka 1919 ofisa wa jeshi aliyekuwa pia kiongozi wa michezo, Ernst Killander, aliandaa mashindano makubwa kusini ya Stockholm ambayo washindani walikimbia kwa miguu wakiwa na ramani na dira. Mchezo huo, unaoitwa orientering, ulienea haraka. Katika miaka ya 1930 ndugu wa ukoo wa Kjellström pamoja na Gunnar Tillander walitengeneza dira ya Silva, ile yenye bamba la uwazi ambalo unaweza kulilaza juu ya ramani. Dira za namna hiyo sasa zinatumika karibu dunia nzima.

Leo orientering inafundishwa katika shule za Uswidi ndani ya somo la michezo na afya. Kwa hiyo watoto wetu wanaokulia huku hurudi nyumbani wakijua mistari ya kontua ni nini, wakati baba aliyeendesha bodaboda miaka mitano hajawahi kushika ramani ya eneo lake. Mtoto ana ramani, baba ana matope. Neno hilo tutalirudia baadaye.

Michezo mitatu tofauti

Kabla ya kwenda mbali ni vizuri kutenganisha mambo, maana watu huyachanganya.

Ile ya kuzunguka katika uwanja wenye vichuguu vya kurukia inaitwa motocross. Nyumbani inajulikana sana, na wapenzi wake wameiona katika uwanja wa Jamhuri jijini Nairobi au Garuga karibu na Entebbe. Huko hakuna haja ya ramani, kwa kuwa mzunguko ni uleule.

Mchezo wa kwanza wa porini ni enduro. Njia ni ndefu, inapita msituni, kwenye mawe na mito, lakini imewekewa mishale na utepe. Mshindani anatakiwa kufika kila kituo kwa dakika aliyopangiwa. Akichelewa anaadhibiwa, na akiwahi pia anaadhibiwa. Mashindano makubwa ya aina hii, yale ya siku sita, yalianza Carlisle nchini Uingereza mwaka 1913.

Wa pili ni rally ya daftari la njia. Hakuna mishale. Mwendeshaji ana karatasi ndefu iliyoviringishwa ndani ya kisanduku mbele ya usukani, imechorwa alama: baada ya kilomita 3.4 acha njia kubwa, shika kulia kwenye mti mkavu, elekea nyuzi 140, angalia korongo. Anaviringisha karatasi kwa kidole cha gumba huku pikipiki inaruka mawe. Siku hizi katika mashindano makubwa karatasi hiyo imeanza kubadilishwa na kioo cha kompyuta, lakini kazi ni ileile.

Wa tatu ni ule wa kutafuta vituo. Unaonyeshwa vilipo kwenye ramani, na njia ya kuvifikia ni shauri lako. Huyu anazunguka mlima, yule anapanda juu na kushuka upande wa pili. Huu ndio ulio karibu zaidi na orientering, na ndio unaofaa zaidi milimani kwetu.

Aliyepotea akaanzisha mashindano

Mashindano yanayojulikana kuliko yote ya rally ya daftari yalizaliwa kutokana na mtu kupotea. Mwaka 1977 Mfaransa Thierry Sabine alikuwa kwenye pikipiki katika mbio za kutoka Abidjan kwenda Nice, akapotea katika Sahara na kunusurika kufa. Badala ya kuapa kutorudi jangwani, aliandaa mashindano yake. Tarehe 26 Desemba 1978 washindani waliondoka Paris kuelekea Dakar, na aliyefika wa kwanza alikuwa Cyril Neveu, akiwa juu ya pikipiki ya Yamaha.

Sabine mwenyewe alifariki katika ajali ya helikopta nchini Mali Januari 1986, mashindano yakiendelea. Mwaka 2008 mbio hizo zilifutwa kwa sababu za usalama katika Mauritania, zikahamia Amerika Kusini mwaka 2009, na tangu mwaka 2020 zinafanyika Saudi Arabia. Jina la Dakar limebaki, ingawa Dakar yenyewe ilikwisha kuachwa mbali.

Jambo moja katika Dakar linawashangaza wageni. Anayeshinda siku ya leo hutangulia kuondoka kesho, na kutangulia huko mara nyingi ni adhabu. Hana alama za tairi za kufuata, lazima asome kila mstari wa daftari. Walio nyuma wanafuata mchirizi wake na kumkaribia. Ni kama mtu wa kwanza kupita njia ya shambani alfajiri: umande wote unaishia kwenye miguu yake.

Timu tajiri zilipogundua kwamba ramani ndiyo inayoamua, zilianza kuajiri wataalamu wa kukesha na daftari, wakilinganisha na picha za setilaiti ili kumtafunia mwendeshaji kazi yake. Waandaaji nao wakajibu kwa kulitoa daftari asubuhi, muda mfupi tu kabla ya kuondoka. Hata chombo cha GPS anachofungiwa mshindani hakimwonyeshi njia. Mshale wake hufunguka tu pale anapokuwa ameshakikaribia kituo kwa akili zake mwenyewe.

Na Waafrika wamo. Ross Branch wa Botswana alimaliza wa pili upande wa pikipiki katika Dakar ya mwaka 2024, nyuma ya Mmarekani Ricky Brabec, na mwaka huohuo akawa bingwa wa dunia wa mbio hizi ndefu za porini. Kwa taaluma Branch ni rubani wa ndege. Mtu aliyezoea kufuata nyuzi za dira angani hakupata shida kuzifuata ardhini.

Kikombe cha Novemba

Turudi Uswidi. Mwaka 1915, wakati huku kwetu majeshi ya Waingereza na Wajerumani yanapigana mpakani mwa Kenya na Tanganyika, wapenzi wa pikipiki hapa walianzisha mashindano yanayoitwa Novemberkåsan. Kåsa ni kikombe cha kunywea, na Novemba ni Novemba. Ni miongoni mwa mashindano ya zamani zaidi ya pikipiki duniani ambayo bado yapo, na watu huendesha usiku na mchana katika msitu wa Novemba, mwezi ambao jua la Stockholm huzama kabla ya saa kumi jioni.

Nchi hii pia ndiyo iliyozaa pikipiki za Husqvarna, zilizoanza kutengenezwa mwaka 1903. Jina hilo liliuzwa kwa Waitalia mwaka 1987, likapita mikononi mwa BMW, na tangu mwaka 2013 liko upande wa KTM wa Austria. Wazee wa Kiswidi bado wanalihesabu kuwa lao.

Wapenzi wa Safari Rally nao wanamkumbuka Mswidi mmoja, Björn Waldegård, mzaliwa wa Rö, kaskazini ya Stockholm. Alishinda Safari mara nne: mwaka 1977, 1984, 1986 na 1990, na mwaka 1979 akawa bingwa wa kwanza wa dunia wa madereva wa rally. Alifariki mwaka 2014. Lakini Waldegård hakuwa peke yake garini. Pembeni yake alikaa Hans Thorszelius, na baadaye Fred Gallagher, kazi yao ikiwa kusoma njia na kumwambia kinachokuja.

Hapo ndipo ugumu wa pikipiki unapoonekana. Gari lina vichwa viwili, kimoja cha kuendesha na kimoja cha kusoma. Kwenye pikipiki kichwa ni kimoja, mikono yote ina kazi, na daftari linasomwa huku unatafuta pa kupitisha tairi la mbele.

Tunda uchume, pikipiki uiache

Mtu akisikia habari hizi anaweza kudhani kwamba Uswidi unawasha pikipiki na kuingia msituni. Ukifanya hivyo utapata faini.

Wengi wetu tunaijua sheria ya desturi iitwayo allemansrätten. Inampa kila mtu ruhusa ya kutembea katika msitu wa mwingine, kuchuma matunda na uyoga, na kulala usiku mmoja hemani. Haki hiyo ni ya miguu, haina injini. Tangu mwaka 1975 kuna sheria inayokataza kuendesha chombo chochote cha moto nje ya barabara kwa starehe wakati ardhi haina theluji. Kwa hiyo hallon za Hallonbergen unaweza kuchuma, lakini ukizifuata na pikipiki ya matope umevunja sheria.

Mashindano basi yanafanyikaje? Yanafanyika kwa ruhusa. Klabu inazungumza na wenye ardhi mmoja mmoja, inaomba kibali kwa mamlaka ya mkoa, inaonyesha njia itapita wapi na itatengenezwaje baadaye, na washindani wanakata leseni ya mchezo kupitia shirikisho la pikipiki, Svemo. Ni kazi ya watu wa kujitolea, jioni baada ya kazi, vikao na barua. Anayeona pikipiki ikiruka gogo kwa sekunde mbili haoni barua zilizoandikwa kwa miezi kadhaa.

Somo hilo ni kubwa kwetu. Milima yetu ndiyo matangi yetu ya maji. Ukiruhusu pikipiki mia zipande mgongo uleule wa Usambara au Uluguru wakati wa masika, unatengeneza mifereji ambayo mvua inayofuata itaigeuza korongo.

Kenya walipoligeuza tatizo kuwa dawa

Pamoja na hayo, mfano bora wa namna mchezo wa porini unavyoweza kuulinda mlima haupo Uswidi. Upo Kenya, na unaitwa Rhino Charge.

Ni mashindano ya magari, si ya pikipiki, lakini kwa kanuni ni ndugu wa damu wa ule mchezo wetu wa tatu. Yalianza mwaka 1989 ili kuchangia shirika la Rhino Ark, lililoundwa mwaka mmoja kabla ili kuwalinda faru wa Nyandarua, milima ambayo wakoloni waliipa jina la Aberdare. Washindani wanapewa saa kumi kufika katika vituo 13 vilivyotawanywa katika eneo la kilomita za mraba zipatazo 100. Mahali pa mashindano panafichwa hadi siku zinapokaribia, ili mtu asiende kufanya mazoezi mapema.

Kanuni inayovutia zaidi ni ya ushindi. Hashindi aliyefika mapema. Anashinda aliyefika vituo vyote kwa kilomita chache zaidi. Kwa hiyo kila timu inatafuta mstari ulionyooka, hata kama unapita kwenye genge, na watu wanashuka na kukimbia kwa miguu mbele ya gari kutafuta pa kupita. Dereva anatambaa nyuma yao polepole.

Fedha zinazochangwa na washindani zilisaidia kujenga uzio wa umeme kuizunguka Nyandarua yote, karibu kilomita 400, uliokamilika mwaka 2009. Ndani ya uzio huo kuna vyanzo vya mito na maji mengi wanayokunywa wakazi wa Nairobi. Baada ya hapo kazi ikahamia Mau Eburu na Mlima Kenya.

Mtu anaweza kusema huo ni mchezo wa matajiri wenye magari ya gharama. Ni kweli, kushiriki si rahisi. Lakini kanuni yake haihitaji utajiri. Vituo, ramani na hesabu ya kilomita vinaweza kuwekwa mahali popote, kwa chombo chochote.

Nusu ya ustadi tunayo

Bodaboda ilianza kama baiskeli za kuvusha watu mpakani Busia, kutoka upande mmoja hadi mwingine, na jina likatokana na neno la mpaka. Pikipiki zilipochukua nafasi, zilipanda hadi kwenye vijiji ambavyo daladala na matatu havijawahi kufika.

Leo ukienda Lushoto, Kapchorwa, Iten au vijiji vya juu vya Kivu, utakuta kijana ana Boxer au TVS ya sisi 100 hadi 150, tairi zimelika, nyuma amebeba magunia mawili ya viazi na mama mwenye mtoto, anashuka mteremko wa utelezi huku mvua inanyesha. Anajua lini aachie breki ya mbele, lini atumie gia ya kwanza kumshikilia, na wapi kijito kimechimba chini ya daraja la miti. Mzungu anayelipia kozi ya enduro mwisho wa wiki anafundishwa mambo hayohayo.

Anachokosa kijana huyo ni nusu ya pili. Anaijua njia yake kwa mazoea, si kwa ramani. Mpeleke bonde la pili ambako hana mwenyeji, atauliza. Kuuliza si ujinga, lakini katika ukungu wa mita 2,500 hakuna wa kumuuliza.

Nusu hiyo ya pili si ghali. Waswidi wanawafundisha watoto wa miaka kumi kwa karatasi na dira ya bei ndogo. Wana maneno mawili ambayo tungefaa kuyaazima. La kwanza ni ledstång, kishikio cha ngazi: kitu kirefu kinachokuongoza, kama mto, mgongo wa mlima au laini ya umeme, ambacho ukikifuata huwezi kupotea. La pili ni sista säkra, yaani mahali pa mwisho ulipokuwa na uhakika wa ulipo. Ukichanganyikiwa, unarudi pale. Hubahatishi mbele.

Wengi wanaopotea milimani wanapotezwa na kiburi cha kutorudi nyuma. Kila dakika wanaamini kona inayofuata itawatoa. Petroli inapungua, giza linaingia, na mlima hauna haraka.

Mambo ya kujua kwa anayetaka kuanza

Kwa msomaji ambaye tayari ana hamu, yafuatayo yatamsaidia, awe Hallonbergen au Mbeya.

Kwanza, jifunze ramani kwa miguu. Sisi wa hapa tuna njia za Ursvik na hifadhi ya Igelbäcken jirani kabisa, na mchana mmoja na mtoto anayesoma shule ya Kiswidi utakufundisha mengi. Muulize yeye. Hakuna aibu ya mzazi kufundishwa na mwanawe.

Pili, usiiamini dira ukiwa juu ya pikipiki. Chuma na umeme wa injini huivuta sindano. Zima, shuka, tembea hatua kadhaa, ndipo upime.

Tatu, mita ya kilomita hudanganya kwenye matope pale inapohesabu mzunguko wa tairi la nyuma. Tairi linazunguka bure na mita inahesabu safari ambayo hukuifanya. Ndiyo maana kwenye rally hupima kwa tairi la mbele au kwa setilaiti, na mwendeshaji huisahihisha mita yake kila anapofika mahali anapopajua.

Nne, mlima unakula nguvu. Injini hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa sababu hewa ni nyepesi. Yenye kabureta huanza kupewa petroli nyingi kuliko hewa, plagi inakuwa nyeusi na moshi unatoka. Fundi anayejua atabadilisha jeti kabla ya safari, na wewe utabeba petroli zaidi ya unayodhani inatosha.

Tano, usiende peke yako, na mwache mtu nyumbani anayejua unapita wapi na unatarajiwa saa ngapi.

Sita, na hili halina mjadala, ni kofia ngumu. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyotolewa na Cochrane mwaka 2008 yalionyesha kwamba kofia hupunguza uwezekano wa mwendesha pikipiki kufa katika ajali kwa asilimia 42, na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Mchezo huu unaua hata mabingwa. Mreno Paulo Gonçalves, mwenye uzoefu wa miaka mingi, alifariki katika Dakar ya mwaka 2020 akiwa amevaa kila kinga inayopatikana. Kama aliyevaa vyote anaweza kufa, asiyevaa chochote anategemea nini?

Tufanye nini

Wadau wa michezo nyumbani, na vyama vyetu huku ughaibuni, wanaweza kuanza na jambo dogo.

Chagua tarafa moja ya milimani. Weka vituo kumi mahali palipo na njia tayari: shuleni, kwenye zahanati, kisimani, kwa mwenyekiti wa kijiji. Wape madereva wa bodaboda ramani iliyochapishwa na saa tatu. Tumia kanuni ya Rhino Charge: mshindi ni aliyefika kote kwa kilomita chache, na anayeacha njia zilizoruhusiwa anaondolewa. Hapo hakuna sababu ya kukimbia, hakuna msitu unaochimbwa, na petroli ni kidogo. Asiye na kofia haondoki.

Zawadi? Kofia bora, tairi mpya mbili na mnyororo. Vitu hivyo sisi tunaopokea mshahara wa kronor tunaweza kuvichangia bila kufunga mkanda, kama tunavyochangia jezi za timu za mitaani.

Faida haiishii siku ya mashindano. Dereva anayeweza kusoma ramani ni yule atakayempeleka mkunga usiku katika kijiji asichokijua, au kupeleka damu na dawa pale barabara kuu ilipokatwa na maporomoko. Watu wa milimani wanajua maana ya kuchelewa kwa saa moja.

Uswidi, nchi ya vilima, ilifanikiwa kwa sababu ilimpa mtoto wake karatasi na dira, kisha ikamwachia atafute. Sisi tuna milima halisi, na tuna vijana wasioogopa matope. Tuwape karatasi.